Mngurumo wa Mkwe

Fundi makochi alikuwa amepiga gitaa la bezi kwa miaka kumi na moja, na mama yake mzazi hakuwahi kulisikia. Si kwamba hakwenda kwenye maonyesho. Alikwenda mara nne, akakaa mbele kabisa, akarudi na jibu lile lile: "Nilikuona, mwanangu. Vidole vilikuwa vinakwenda."

Tatizo lilikuwa shemeji yake, mume wa dada yake, mwenzake kwenye bendi, ambaye watu walimwita Radi. Radi na mwenzake walipiga magitaa ya umeme yaliyopitishwa kwenye vidude vya kukwaruza sauti, na wakishafungulia, hata mende wa ukumbi walihama, wengine bila kuaga familia. Katika kelele hiyo bezi ilizama kama sindano kwenye godoro. Fundi akiongeza sauti, Radi naye anaongeza. "Usinifunike, shemeji," anamwambia, kama tembo anayelalamika kakanyagwa na sisimizi.

Sasa daktari wa masikio alikuwa amempima mama, akafuta miwani muda mrefu kuliko uchafu uliokuwapo, akasema mwaka hautaisha kabla masikio hayajaisha.

"Basi Jumamosi nakuja," mama akamwambia mwanawe. "Nikusikie mara moja tu, nijue nilizaa nini."

Wiki nzima walifanya mazoezi kwenye karakana ya makochi, katikati ya sponji zilizopangwa hadi darini. Fundi alijisikia kila noti. Alifurahi mpaka akapigilia kitambaa cha mteja nje ndani. Hakujua kwamba zile sponji ndizo zilizokuwa zikimeza ukali wa magitaa.

Jumamosi mchana wakaingia ukumbini: kuta za saruji tupu, bati juu. Magitaa yakagonga ukuta, yakarudi na wenzao. Bezi, hakuna. Fundi akazungusha nobu ya bezi hadi ikagoma. Kikatoka kitu kama lori lililokwama mtaa wa pili.

Wimbo wa kwanza ulipoisha, fundi mitambo, mtu mzima mwenye pamba masikioni, akamsogelea.

"Unaongeza nini hapo?"

"Bezi."

"Ndugu yangu, bezi haisikiki kwa kuongezewa bezi. Huko chini magitaa yameshajaa, utakaa wapi? Punguza chini, pandisha sauti za kati. Na wewe ukwaruze kidogo. Kwenye msafara wa mamba, jifanye kenge."

"Na Radi?"

"Huyo niachie."

Akamnong'oneza Radi kwamba akipunguza uzito wa chini, gitaa lake litakata kama wembe. Radi hajawahi kukataa kuitwa wembe.

Wimbo wa tatu mambo yakajipa. Bezi ikapita katikati ya magitaa yale kama mtu mwenye haraka zake sokoni, ikashika sakafu, ikapanda miguu ya viti. Fundi aliisikia. Akamtazama mama kwenye kiti chake cha mbele. Mama alikuwa ameshika tumbo kwa mikono miwili, anacheka, machozi yanamtoka.

Lakini macho yake yalikuwa kwa Radi, aliyekuwa anarukaruka mbele, miguu kaitanua kama mkasi.

Nyumbani, mama akamwita Radi akae karibu naye. "Mkwe wangu! Kile kitu kilichoningurumia tumboni! Leo nimesikia." Kisha akampapasa mwanawe mkono. "Na wewe nilikuona, baba. Kuonekana nako ni kitu."

Radi akamtupia shemeji yake jicho, akalirudisha upesi. "Asante, mama," akasema.

Fundi alitaka kusema. Lakini mama alikuwa na furaha kiasi kwamba kumsahihisha kungekuwa kama kumvua mtu nguo harusini. Akaahirisha.

Miezi ikapita. Masikio ya mama yakaenda kama daktari alivyosema, na siku moja mchana akadai Radi ampigie tena kile kitu cha tumboni. Radi akapiga, jasho likamtoka. Mama akafumba macho, mikono tumboni, akangoja.

"Hakuna," akasema. "Basi. Hata hicho kimekwenda."

Fundi alikuwa ameshafika karakana mbio, akarudi na bezi na spika mgongoni. Soketi ilikuwa nyuma ya kiti cha mama. Akachomeka hapo hapo, akapiga. Sakafu ikaitika. Uso wa mama ukafunguka.

"Ahaa! Ndiyo hiyo!" Akafumbua macho, na aliyesimama mbele yake alikuwa Radi, gitaa mkononi. "Umeipata, mkwe wangu!"

"Ni kaka, mama!" dada mtu akapiga kelele, akinyoosha kidole nyuma ya kiti. "Ni kaka!"

Mama akageuka kidogo, akamwona mwanawe, akatabasamu kwa huruma.

"Eeh, na yeye yupo," akasema. "Vidole vinakwenda."