Ukurasa Uliobandikwa Mlangoni

Herminia Jaranilla alikuwa mkuu wa chumba cha majarida katika maktaba yetu pale mjini Iloilo, na kama kuna kitu kilichomchemsha damu, basi ni wembe. Watu waliingia kusoma kwa adabu zote, wakatoka na picha ya mcheza filamu au mshono wa gauni umefichwa kifuani. Kila jarida liliporudishwa mezani alilipekua. Akikuta pengo, aliziandikia maktaba nyingine kuomba nakala ya ukurasa uliokatwa, kisha akaubandika mahali pake kwa gundi ya wanga. Mengi yalipona hivyo.

Moja likakataa kupona. Lilikuwa jarida la Kihiligaynon, lugha yetu, la kabla ya vita, lililokuwa likitoa kidogo kidogo hadithi ya Isyang, binti wa mkata miwa aliyeshtakiwa kuchoma ghala la sukari la tajiri. Wazee wa mjini waliijua hadithi ile kama sala, ila mwisho wake hawakuujua: toleo la mwisho lilitoka vita vikiingia, likawafikia wachache. Na katika nakala yetu ya toleo hilo, karatasi yenye hukumu ilikuwa imekatwa. Maktaba za Manila, mji mkuu, zikajibu kwamba nakala zao ziliteketea vitani.

Mkurugenzi wetu, Bwana Tupas, akachoka.

"Herminia, tupa hicho kilema. Rafu zimejaa."

"Kilema hatupwi, bosi. Hutafutiwa mguu."

"Mguu wenyewe uliungua Manila!"

"Basi nipe mpaka sikukuu ya mtaa wa Jaro."

Akampa, kwa shingo upande. Kesho yake Herminia akayatoa majarida yote yaliyokatwa, akayapanga kwenye kabati la kioo penye mlango mkuu, kila moja limefunuliwa penye jeraha. Juu ya kabati akaandika: "Haya ni kazi ya wembe. Nani atayaponya?"

Bwana Tupas alipoona, nusura azimie. "Umetuaibisha! Umeanika chupi zetu barabarani!"

"Zipigwe na jua, bosi."

Watu wakafurika. Redio ikaja, ikatangaza. Kurasa zikaanza kurudi: nyingine zilisukumwa chini ya mlango kabla hatujafungua, nyingine zililetwa na watoto walioapa hawajui zimetoka wapi. Herminia hakumuuliza mtu swali. Alipokea, akanyoosha, akabandika. Ila ukurasa wa Isyang haukutokea.

Sikukuu ilipokaribia, akatufikia mama mmoja kutoka mtaa wa Molo, Felisa Gumban, muuza vitumbua vya mchele. Nyuma yake wakwe zake wawili, waume wa binti zake, walikuwa wamebeba mlango wa kabati la nguo, jasho likiwatiririka.

Mlinzi akamzuia. "Mama, hapa maktaba. Seremala yuko ng'ambo ya barabara."

"Kwani nimekuuliza seremala? Nimeleta ukurasa."

"Uko wapi?"

"Una macho ya kuchungulia mabinti tu? Geuza mlango!"

Upande wa ndani palikuwa na karatasi ya manjano iliyobandikwa. Herminia akasoma mistari miwili, akashika mdomo.

"Baba aliubandika nikiwa bado natambaa," Felisa akasema. "Nimeusoma maisha yangu yote. Unaishia pale hakimu anapovaa miwani."

"Na upande wa pili?"

"Wa pili unasomwa na mbao, mwanangu."

Herminia akanusa karatasi, akaigusa pembeni kwa kidole kilicholowa. Gundi ilikuwa ya wanga wa muhogo. Inaweza kulainika.

"Mama, naweza kujaribu kuubandua. Lakini unaweza kuchanika."

"Ukichanika, umechanika ukitafutwa. Anza."

Tukaulaza mlango mezani, wasomaji wakatuzunguka. Herminia akatandaza kitambaa chenye unyevu, akasubiri, akaingiza kisu bapa chini ya pembe ya karatasi. Akasogeza kidogo. Akapumzisha mkono, akasogeza tena. Bwana Tupas akaja kufoka kuhusu ubao mezani. Alipoelewa, akavua koti, akawa ndiye anayekamua kitambaa. Kuna mahali karatasi ilinata kwenye fundo la mbao, Herminia akapalowesha tena. Kisha ikaachia, nzima, ikamlalia Herminia kiganjani.

Hakuisoma. Aliilaza juu ya karatasi kavu, akamsogezea Felisa.

"Wewe ndiye uliyengoja. Tusomee."

Felisa akainamia karatasi, akasoma. Hakimu akavaa miwani. Akasema ghala lilichomwa na msimamizi wa tajiri, aliyetaka kuficha sukari aliyokwisha kuiiba. Isyang yuko huru.

Wee! Chumba kililipuka. Walinzi walipiga makofi, wakwe wakakumbatiana, na kikongwe mmoja akapanda kitini na fimbo yake. "Nilimwambia kaka yangu ni msimamizi! Kafa ananibishia!" Bwana Tupas alifuta macho kwa kile kitambaa kilichojaa wanga wa gundi, uso ukabaki mweupe kama wa mwokaji, na hakuna aliyemwambia.

"Jarida hili," akasema, "akilitupa mtu, atanitupa na mimi."

"Soma tena, Mama!" watu wa mlangoni wakapiga kelele. "Huku hatukusikia!"

Herminia alikuwa ameketi chini kando ya meza, analia na kucheka. Felisa akaanza upya kutoka juu.