Ukuta Usio na Saruji

Siku Nevenka alipofika nyumbani kwangu, alivua viatu mlangoni bila mtu kumwambia. Aliona viatu vya mjukuu wangu Abigaël vimepangwa kando ya kizingiti, akaweka vyake hapo hapo. Nilimpenda kwa jambo hilo dogo, na kwa kuwa nilimpenda, shida yangu ikawa kubwa zaidi. Alikuwa ametoka Ulaya kuja kuchukua mifupa ya baba mkwe wangu.

Baba mkwe wangu aliitwa Ante. Alikuwa mwashi wa mawe, Mkroati kutoka kisiwa ambacho mawe yake ni meupe kama chumvi. Alikuja Katanga akiwa kijana, mji huu wa Lubumbashi ungali ukiitwa Élisabethville, kujenga madaraja ya reli. Wakroati wa hapa hawakuwa wengi. Walitosha kujaza meza moja ndefu. Jumapili walikutana nyuma ya nyumba yetu, wakachoma samaki wa Kasenga, wakawapaka mafuta ya zeituni, halafu wakasimama duara, kila mtu mkono begani kwa mwenzake, wakaimba bila ngoma, sauti juu ya sauti. Marehemu mume wangu Floribert alizijua nyimbo zote, ila hakujua maana ya hata moja. Uhuru ulipokuja, wengine walishuka kusini, wengine walirudi kwao. Yalibaki majina yao makaburini, na sahani ya ngano.

Desturi ya ngano tunaishika mpaka leo. Sikukuu ya Mtakatifu Lusia, katikati ya Desemba, tunaotesha ngano kwenye sahani yenye maji kidogo. Noeli ikifika imeshakuwa kijani. Tunaifunga utepe, tunaipeleka kwa Mzee Ante. Mimi huongeza kikombe cha maji, kwa sababu mama mkwe wangu, Mama Ntumba, alikuwa akimpelekea maji kila adhuhuri alipokuwa kazini. Mzee alikunywa yote, kisha alikigeuza kikombe juu chini ili vumbi la mawe lisiingie.

Kaburi alilijenga mwenyewe angali hai, kama watu wa kwao: chumba cha mawe chini ya ardhi, chenye vitanda viwili, chake na cha Ntumba. Lakini ulikuwa wakati wa wakoloni. Wazungu walizikwa upande mmoja, Waafrika upande mwingine, na kaburi la Mzee lilikuwa mpakani kabisa. Karani mmoja akaja na amri: mwanamke mweusi hatalala na Mzungu chumba kimoja. Kama Mzee anataka kitanda cha pili, ajenge ukuta katikati, na mlango wa mwanamke utazame upande wa Waafrika.

Mzee Ante alijenga ukuta huo kwa mikono yake.

"Nililia," Mama Ntumba aliniambia siku moja tukichambua maharagwe. "Yeye akacheka. Akaniambia, 'Ntumba, sikutia saruji ata kidogo. Ni ukuta ya kwetu, jiwe inakamata jiwe. Mwenye aliijenga, anaweza kuitosha, kuiondoa.'"

Mzee alikufa kabla ya uhuru. Mama Ntumba alimfuata miaka mingi baadaye, akiwa mikononi mwangu. Tulimwingiza kwa mlango wake, tukauziba kwa saruji. Nilimfunga rozari yake mkononi mimi mwenyewe. Ukuta ukabaki, kwa kuwa Floribert alisema mtoto hagusi kazi ya baba yake. Kabla ya kukata roho, mama mkwe wangu alinishika shingo akaninong'oneza: "Adolphine, mwana wangu, balitutenganisha mara moja. Usiache batutenganishe tena." Nikamwambia sitaacha.

Ndiyo sababu ujumbe wa Nevenka ulipoingia kwenye simu ya Abigaël, mwanzoni mwa Desemba, akiomba kuja kumchukua Mzee, nilimwambia anisomee mara mbili.

Noeli ile tulipeleka ngano kama kawaida. Ilikuwa adhuhuri, jua kali, makaburini hapana mtu. Abigaël akaniwekea mkono kifuani, akaniita kama wajukuu wa hapa wanavyoita bibi zao.

"Kambo, unasikia?"

Nilisikia. Tk. Tk. Tk. Halafu kimya, kama mtu anayerudi hatua moja kutazama kazi yake. Halafu tena. Tk. Tk. Nimeishi nyumba moja na waashi, sauti ya tindo naijua. Ilitoka chini ya miguu yetu.

Tulimwita Désiré, mlinzi wa makaburi, mtu wa mzaha. Akainama, akasikiliza, akainuka polepole.

"Mama, hii inchi imeharibika," alisema. "Bafu ba hapa chini banapata kazi, siye bazima tuko chômage, hatuna!"

Alicheka peke yake. Nikamimina maji kwenye kikombe, nikakiweka kando ya ngano, tukaondoka. Kesho yake Désiré alikuja mpaka nyumbani kunirudishia kikombe, amekifunga ndani ya kitambaa chake safi. Alikikuta kimegeuzwa juu chini. Ukingoni kilikuwa na vumbi jeupe.

Nevenka alifika Januari. Mama yake ni binti wa dada ya Mzee Ante, mwanamke mzee sana sasa. Huko kisiwani ukoo wao una kaburi moja, na jina la Ante limechongwa juu yake na mwaka wa kuzaliwa tu. Miaka yote hiyo nafasi yake iko wazi. Yule mama anataka kumwona mjomba wake amerudi kabla hajafa yeye.

Nilimpikia bukari, ugali wetu, na samaki. Alikula kwa mkono, vibaya, akijicheka. Baadaye alisimama kuosha sahani ingawa nilimkataza, akawa anaimba chini chini. Niliujua wimbo ule. Nikaingia na sauti ya pili, ile ya Floribert. Nevenka aliacha maji yakimwagika, akakaa juu ya ndoo akalia. Abigaël ndiye aliyekuwa akitutafsiria, Kifaransa upande huu, Kiswahili upande ule.

"Muulize," nilimwambia, "na Mama Ntumba je?"

Nevenka alitazama mikono yake yenye sabuni.

"Anasema nafasi yenye ilibakia kule ni ya muntu moja," Abigaël alisema. "Anasema ukikataa, atarudia kwao, hatakasirika. Lakini mama yake anamungojea Mzee kwenye dirisha."

Mama anayengoja dirishani namjua, na mimi nimekuwa yeye. Bila sahihi yangu Mzee hatoki. Nikiitia, navunja neno nililompa marehemu.

"Wafungue kwanza upande wa Mzee," nilisema. "Nikishaona kwa macho, nitajibu."

Tulikwenda asubuhi, mvua imekatika. Njia nzima kutoka getini tulisikia tindo, safari hii ya haraka, kama fundi anayemaliza kabla mwenye nyumba hajafika. Nevenka alisimama. Alisema neno moja la kwao, na sikuhitaji mkalimani. Yeye pia amelelewa kati ya waashi.

Désiré hakutania. Jiwe la kufunika lilikuwa limeota kuvu kijani pande zote, na mizizi ya majani ilikuwa imelishona na ardhi. Alikata mizizi kwa panga, akaingiza mtaimbo. Jiwe liliposogea, sauti ilikatika.

Hewa iliyotoka haikunuka kifo. Ilinuka jiwe lililopasuliwa sasa hivi.

Abigaël aliwasha taa ya simu. Ukuta haukuwepo. Mawe yake yalikuwa yamepangwa miguuni, makubwa chini, madogo juu, nyuso zote zikitazama upande mmoja, kama mwashi anavyopanga mawe atakayoyatumia tena. Sakafu ilikuwa na vumbi jeupe, jipya, halina alama ya mguu. Na vile vitanda viwili vilikuwa kitanda kimoja. Mafuvu mawili yalikuwa yameegemeana. Mifupa ya mikono ilikuwa imeingiliana, na rozari niliyoifunga mimi kwenye mkono mmoja ilikuwa imezunguka miwili.

"Mama," Désiré alisema, sauti yake ndogo kama ya mtoto, "Mungu iko anaona, hakuna muntu alifungua hapa. Ata mulango ya mama, angalia, saruji iko nzima."

"Najua, baba," nilimwambia. Nikaupokea mtaimbo mkononi mwake.

Nevenka alipiga magoti kwenye matope na suruali yake nzuri. Alipozungumza, Abigaël alichelewa kutafsiri.

"Anasema yeye si karani. Hatawatenganisha. Anaomba jiwe moja tu ya ile ukuta, apelekee mama yake."

Nilimwambia achague. Alichukua lile la juu kabisa, dogo, ambalo mwashi alilitoa mwisho. Alilifunga kwenye shali yake, akalibeba kifuani kama mtoto mchanga. Désiré alirudisha jiwe la kufunika. Tulisubiri kidogo tukisikiliza, lakini chini palikuwa kimya.

Wiki zimepita. Jana Nevenka alipiga simu. Jiwe wameliweka ndani ya kaburi la ukoo, padri amelibariki, mama yake amefurahi sana. Kisha hata mimi nikasikia mlango ukifungwa kule.

"Kambo," Abigaël alisema, simu sikioni, macho yamemtoka. "Anauliza kama huku iko sauti bado."

"Mwambie huku ni kimya."

"Anasema kule sasa njo imeanza. Kila adhuhuri, ndani ya kaburi. Mama yake anaogopa. Anauliza ni nani, na anatafuta nini."

Nilifikiri juu ya ile nafasi waliyosema ni ya mtu mmoja.

"Mwambie mama yake asiogope," nilisema. "Ni Mzee, anapanua. Wako wawili. Amwekee kikombe cha maji, kazi ya mawe ina kiu."