Futikamba Yenye Mihuri Miwili

Warusi walilipima kombora mara ya nne, jibu likawa lile lile, na Lorna Kvamme akatamani kulipiga teke. Karatasi za mkataba wa kukaguana makombora zilisema mita kumi na nane na sentimita ishirini. Futikamba ilisema mita kumi na nane na sentimita ishirini na nne. Tofauti iliyoruhusiwa ilikuwa sentimita tatu. Kwa hiyo ni sentimita moja tu, upana wa kidole, iliyowasimamisha watu wazima kumi na wawili ndani ya ghala la baridi kule North Dakota, Marekani, wakitazamana kama wake wenza jikoni.

"Pimeni tena," akasema Ruslan Olegovich Shatrov. Ndiye aliyekuwa mkuu wa wakaguzi, kijana wa miaka thelathini na mitano, na hii ilikuwa safari yake ya kwanza.

"Tumeshapima mara nne, bwana Shatrov!" Lorna alikuwa mwenyeji wao, na baada ya miaka ishirini ya kazi hii Kirusi chake hakikuhitaji mkalimani. "Hili ni kombora, si mtoto wa mtu. Halikui."

"Ndiyo maana nashangaa. Mlilitangaza kwa urefu mmoja, leo lina mwingine. Mmetengeneza jipya?"

"Tutengeneze jipya, halafu tukuite mwenyewe uje ulipime?"

"Mjanja angefanya hivyo hivyo."

Lorna akafumba macho. Utamjibu nini mtu wa namna hiyo? Ukificha, unaficha. Ukionyesha, unaficha kwa kuonyesha.

"Kwenye gari langu ipo futikamba mpya," akasema. "Niilete?"

"Hiyo ni ya kwenu."

"Sentimita ni sentimita, bwana! Hata ukiipeleka mwezini."

"Hiyo ni sentimita yenu," akasema Shatrov, na wala hakuwa anatania.

Sheria ilikuwa upande wake. Mkataba uliruhusu futikamba moja tu, iliyoletwa na Warusi zamani na kuhifadhiwa hapa kambini ndani ya mfuko uliofungwa kwa mihuri miwili, mmoja wa kila upande. Kila wakaguzi walipofika, saa nzima ilipotea kwa kuikagua mihuri: namba zikasomwa kwa sauti, picha zikapigwa, kioo cha kukuzia kikazunguka mkono kwa mkono. Mihuri ikionekana mizima, basi na kilichomo ni kizima. Kwa miaka kumi na saba hakuna aliyeikagua futikamba yenyewe.

Wawili tu ndio walioijua siri yake. Mmoja alikuwa Lorna. Wa pili alikuwa yule mzee aliyeshika ncha ya futikamba huko mwisho wa kombora, Gennadi Pavlovich Zubarev, ambaye asubuhi ile nzima hakuwa ameinua macho.

Ilikuwa Januari moja ya baridi kali, mate yakiganda kabla ya kufika chini, futikamba ilipokatika mikononi mwao kwenye mita ya tisa. Kuripoti futikamba iliyokatika kulihitaji barua za serikali mbili na pengine mwaka mzima wa kusubiri. Zubarev alikuwa na kichupa cha gundi cha kubandikia soli ya kiatu chake. Wakaviunganisha vipande viwili kwa kuvilaza kimoja juu ya kingine, wakafunika kwa kiraka cha rangi ile ile. Unganisho likameza sentimita nne. Wakaambizana haidhuru, maana vitu vilivyokuwa vikipimwa miaka ile havikuzidi mita mbili.

Na kwa kuwa walikuwa watu wa kazi ile, hata katika kudanganya hawakuaminiana. Kila mmoja alitaka mwenzake asiweze kumsaliti. Kwa hiyo kabla ya kubandika kiraka waliandika chini yake tarehe, na wote wawili wakatia sahihi.

Sasa ametokea Shatrov, kijana mwenye bidii, akasema mwaka huu tupime kombora zima.

Wakapumzika dakika kumi. Lorna akamkuta Zubarev kwenye birika la kahawa.

"Gennadi Pavlovich, sema."

"Niseme nini, Lorna Erikovna?" Alimwita hivyo tangu ukaguzi wao wa kwanza, kwa jina la baba yake, kama Warusi wanavyoitana kwa heshima.

"Usinichezee. Unajua ninachosema."

"Wewe ukisema, watakufukuza kazi, utakwenda kwa kaka yako ukale mkate. Mimi wataniuliza, 'Miaka kumi na saba ulimfichia Mmarekani futikamba. Ulimfichia na nini kingine?' Hilo swali kwetu halina jibu zuri." Akakoroga kahawa isiyo na sukari. "Tusubiri. Pengine wakipima tena..."

"Pengine nini? Litafupika kwa kutuonea huruma?"

Mzee akacheka kidogo, cheko la mtu aliyechoka, akaondoka zake. Lorna alimpenda mzee huyu, na wakati ule ule alitaka kumwagia kahawa.

Taarifa ilipaswa kutiwa sahihi saa kumi alasiri. Ikiandikwa kwamba kombora halilingani, ukaguzi umekwisha, si wa leo tu. Katika miji mikuu yote miwili walikuwepo wakubwa waliokuwa wakitafuta sababu ya kuuvunja mkataba tangu mwaka jana, na sentimita moja ingewatosha kabisa. Lorna hakuliwaza jambo hilo kwa lugha ya wakubwa. Alimuwaza Nils, kaka yake, aliyelima ngano katika shamba la baba yao. Katikati ya shamba lile, nyuma ya uzio wa waya, palikuwa na shimo lenye kombora kama hili, na vita vikianza, shamba lile ndilo lingeungua kwanza. Kila Aprili Nils alipiga simu kabla ya kupanda. "Warusi wamekuja kuhesabu?" Akiambiwa ndiyo, alishusha mbegu. Alisema mtu anayekuja kuhesabu bunduki zako bado hajaamua kukupiga.

Saa tisa na dakika arobaini Shatrov alifungua kalamu yake.

"Usiandike," akasema Lorna. "Futikamba ni mbovu."

Shatrov akauonyesha mfuko kwa kalamu.

"Ina mihuri miwili," akasema Shatrov.

"Mihuri ilikuwa mizima. Futikamba ndiyo mbovu."

"Haiwezekani. Mfuko haukufunguliwa tangu ukaguzi uliopita."

"Tuliufunga futikamba ikiwa mbovu! Ewe Mungu wangu, bwana, unaangalia kufuli tu, nyumba je? Ilikatika, ikagandishwa kwa gundi. Kiraka hicho hapo, mita ya tisa. Nilikuwepo. Niligandisha kwa mikono yangu."

Shatrov akakitazama kiraka, kisha akamtazama yeye. "Na mimi nitajuaje kwamba hamkukibandika usiku wa kuamkia leo, mpate kisingizio?"

Lorna alihisi machozi ya hasira yakimlengalenga. Neno lake halikuwa na thamani hata ya kopo tupu, kwa sababu lilikuwa lake. Uthibitisho ulikuwa chini ya kiraka, na jina la mzee lilikuwa huko huko kando ya jina lake. Njia ya mwongo ni fupi, wanasema. Yao ilikuwa imechukua miaka kumi na saba, lakini ilikuwa imefika. Akainama, akaanza kukwaruza ukingo wa kiraka. Kikakataa kubanduka.

Mkono mzito ukatua juu ya mkono wake. Zubarev alikuwa ametoka mwisho wa kombora, akiburuta ncha ya futikamba. Lorna akajua amekuja kumzuia, na hakuweza hata kumlaumu.

"Kucha zako fupi," akasema mzee. "Nipishe."

Akaingiza ukucha wa dole gumba chini ya kiraka, akakivuta taratibu mpaka kikatoka chote. Namba ziliruka kutoka mita tisa na sentimita kumi na mbili hadi kumi na sita. Kando yake palikuwa na tarehe, na sahihi mbili za wino uliofifia.

"Gundi ilikuwa yangu," Zubarev akamwambia mkuu wake. "Andika hivyo. Nzuri sana, bado imeshika."

Shatrov alitoa nne kwenye ishirini na nne kwa kalamu, akatoa tena, kisha akampa mkalimani naye atoe. Wote walipata ishirini. Saa kumi kasoro dakika mbili taarifa ikatiwa sahihi: kombora linalingana. Aya ya mwisho ilisema kwamba watu wawili, majina yao haya, wasishiriki tena ukaguzi wowote. Ilisema pia kwamba futikamba mpya isubiri makubaliano ya serikali zote mbili, na mpaka hapo hakitapimwa kitu. Halafu ile mbovu ikarudishwa mfukoni, na mfuko ukafungwa kwa mihuri miwili.

Kwenye mlango wa basi Lorna alimpa Zubarev mfuko wa mbegu za alizeti za kukaanga, kama kila mwaka. Mzee akauweka ndani ya koti, upande wa moyo.

"Msalimie mkulima wako," akasema.

"Nawe jibu maswali yao vizuri, Gennadi Pavlovich."

Mzee aliitikia kwa kichwa, akapanda basi. Simu ya Lorna ikalia kabla basi halijafika getini.

"Wamehesabu?" akauliza Nils.

"Wamehesabu. Imelingana."

"Basi Jumatatu nashusha mbegu." Ilisikika trekta ikinguruma nyuma yake. "Na mwakani watakuja lini?"

Lorna alilifuata basi kwa macho mpaka likakata kona.

"Panda za mwaka huu kwanza, Nils," akasema.