Nukta ya Kibonge

Mimi si mtu wa kubishana, lakini daktari yule nilimwambia wazi: watoto wazima hawachorwichorwi vifuani. Akacheka tu. "Mama, nataka kujua kwa watoto wasio na ugonjwa moyo unagonga wapi hasa. Kwa wadogo hugonga juu kidogo, karibu na chuchu. Wakikua, unashuka." Haya, yeye ndiye daktari, mimi nesi. Tukaenda shule ya chekechea, tukawapanga foleni darasani. Kazi yangu ilikuwa kuweka vidole viwili upande wa kushoto wa kifua, kutafuta panapodunda, na kuweka nukta ya wino wa bluu.

Loh, nukta zile! Kila aliyewekewa alikimbilia uani, shati mkononi, kulinganisha na wenzake.

Kibonge akaja wa mwisho. Miaka minne, mashavu yamejaa, tumbo limetangulia. Nikaweka vidole. Kimya. Nikashuka, nikapanda, nikasogea kwapani. Yeye anacheka, "Unanitekenya!" Daktari naye akajaribu, wapi! Akasema si neno, wapo watoto wazima kabisa ambao moyo wao hausikiki kwa vidole, hasa wenye nyama nyama. Akaandika kwenye karatasi: haukupatikana. Nami kwa haraka zangu nikamwambia mtoto, "Vaa shati, wako hatujauona."

Mdomo huu utaniponza! Hazikupita dakika mbili, uani wakawa wanaimba, "Kibonge hana moyo!" Nikatoka nikiwafokea, wakatawanyika kama kuku. Yeye nikamkuta nyuma ya mlango, amejikunyata, hachezi, hata machozi hana. Nikachuchumaa, magoti yangu yakilalamika.

"Nani amekuambia huna moyo?"

"Wewe."

Niliona aibu, jamani. Nikamwambia unao, tena mkubwa. Akatikisa kichwa.

"Sasa mama nitampenda na nini?"

Nikamshika mkono hadi ndani. Daktari alikuwa anafunga mkoba.

"Fungua," nikamwambia.

"Mama, si tumeshamaliza?"

"Hatujamaliza. Fungua!"

Hakuthubutu kubisha. Nikamlaza Kibonge kwa ubavu wa kushoto juu ya mkeka, ili moyo uegemee kifua. Daktari akanong'ona kwamba akilala hivyo unahama kidogo, kipimo hakitakuwa sawa na cha wenzake. Nikamwambia kipimo chake akiweke mfukoni.

Nikasugua vidole vipate joto. "Toa pumzi yote, mwanangu, halafu tulia." Nikatafuta taratibu, ubavu kwa ubavu. Kitu kikanigonga kwenye ncha ya kidole, kidogo tu. Kikarudia. Nikapiga kelele kama mwehu, mwalimu akaja mbio akidhani kuna aliyeanguka. Nukta niliichora mwenyewe, kubwa kuliko zote.

Mama yake alipokuja kumchukua, Kibonge alimrukia hata hajasalimia. Akaukamata mkono wa mama, akaubandika kifuani pake.

"Mama! Ninao! Nesi ameupata leo!"

Mama mtu akanitazama, haelewi kinachoendelea, kisha akamwinamia mwanawe.

"Leo? Mimi huo nausikia tangu hujazaliwa."