Zulia la Veijo

Kila kiangazi jua likishakolea, mimi na dada yangu Hilkka huburuta mazulia yetu ya matambara hadi kwenye gati la mbao mbele ya nyumba yetu ya ziwani. Tunapiga magoti, tunayasugua kwa brashi na sabuni ya msonobari, kisha tunayatumbukiza ziwani. Mama alifanya hivyo, na bibi pia. Safari hii nikamwambia tufulie uani.

"Uani?" akashangaa. "Raili, umezeeka au umepigwa na jua?"

"Uani maji yatanywewa na ardhi. Huku yanaingia ziwani na nyuzi za plastiki."

"Mama alifua hapa maisha yake yote."

"Mama alifuma mazulia kwa mashuka makuukuu ya pamba, dada. Wewe umefuma kwa nailoni, plastiki tupu."

Nilijua nimegusa kidonda. Zulia la buluu alilokuwa ameanza kulisugua lilikuwa la Veijo, mumewe. Alipofariki, Hilkka alichanachana suti zake za michezo, zile za buluu alizovaa akiteleza kwenye theluji, akazifuma zulia kwenye mtambo wa kufumia wa mama. Hakubakiza nguo yake nyingine. Mbwa hulala juu ya zulia hilo, wajukuu humwaga maziwa, naye hulifua kwa mapenzi ambayo Veijo mwenyewe, nasema kweli, hakuyapata akiwa hai.

"Plastiki iko wapi?" akaniuliza. "Maji maangavu haya, naona hadi mawe chini."

Sina subira ya kubishana na mtu aliyeshika brashi. Nikaenda jikoni, nikaleta karatasi ya kuchujia kahawa na ndoo ya maji, nikamwomba asuuze kona moja tu ya zulia ndani ya ndoo. Akasuuza huku akiguna. Nikayamimina yale maji kwenye karatasi taratibu.

Tukakaa kungoja yapite. Iida, mjukuu wake wa miaka mitano, alikuwa akiogelea kando ya gati, akijaza maji mdomoni na kuyarusha juu.

Nikaitandaza karatasi kwenye ubao. Ilijaa nyuzi nyembamba kuliko unywele, za buluu ileile.

Hilkka akainama, akazigusa kwa kidole chenye povu. Halafu akaliinua zulia juani. Katikati lilikuwa limelika, mwanga ukipenya.

"Nilidhani ni mbwa," akasema. "Siku zote nilidhani mbwa ndiye anayelimaliza."

Niliona aibu. Nilitaka kushinda mabishano, sikutaka kumliza dada yangu. Nikamshika bega.

"Kila mwaka namsugua," akasema. "Namwaga mume wangu hapa kwa mikono yangu mwenyewe. Halafu jioni nikitoka sauna, naingia humuhumu kuogelea, nalia eti niko peke yangu."

"Dada..."

Akaanza kucheka, machozi yakimtoka. Nami nikacheka, maana sikujua la kufanya. Pale chini Iida akajaza tena mdomo.

"Iida!" Hilkka akapaza sauti. "Tema! Huyo ni babu yako!"

Mtoto akatema, akatukodolea macho. Dada yangu akalikunja zulia likiwa chafu vilevile, akalikumbatia kifuani, na maji yakimchuruzika hadi magotini akaingia nalo ndani.