Seli za Mwalimu Namalwa

Saratani ya koo ina roho mbaya, na Daktari Waceke aliichukia kama mtu anavyomchukia jirani mchawi. Haikuwa na haraka ya kuua. Ilimfungia mtu njia ya chakula, akakonda huku ugali ukipoa mbele yake, hadi njaa ikammaliza katika boma lenye ghala lililojaa mahindi. Eneo la Uasin Gishu liliijua vizuri mno. Ndiyo maana Waceke na mwenzake Cherono, wanasayansi wa kampuni changa ya bayoteknolojia mjini Eldoret, walikuwa wamejitosa kuitafutia dawa.

Dawa ya majaribio walikuwa nayo. Kilichowatoa jasho ni seli za kuijaribia. Seli za uvimbe wa koo zina madeko. Ukizitoa mwilini zinakufa hata ukizibembeleza vipi. Ni za mgonjwa mmoja tu zilizokubali kuishi maabarani: Mwalimu Namalwa wa Turbo, aliyewaambia kabla ya kufariki, "Chukueni hako kauvimbe, mkakatese vile kamenitesa." Zilihifadhiwa katika vichupa vitatu, ndani ya mtungi wa naitrojeni ya majimaji yenye baridi ya kupita barafu yoyote. Vichupa hivyo vikiharibika, kazi yote ilikuwa imekwenda na maji.

Basi matokeo ya uchaguzi wa 2007 yakatangazwa, Eldoret ikawaka moto. Nyumba ya Waceke ilichomwa mchana kweupe kwa sababu ya kabila lake, na waliobeba viberiti walikuwa watu wa kabila la Cherono aliosalimiana nao sokoni. Alikimbilia kambi ya waliofukuzwa, katika uwanja wa maonyesho, pamoja na mumewe Kiarie, wakiwa na sufuria moja na nguo za mwilini. Humo hemani, watu wakigombania mablanketi, yeye aliwaza mtungi. Naitrojeni hufuka kidogo kidogo, isipoongezwa, inaisha. Akampigia Cherono simu.

"Cherono, tafadhali, ongeza naitrojeni."

"Nitoe wapi? Gari hutoka nayo Nairobi, na barabara imefungwa. Hata maiti haipiti."

Waceke akalia. Nyumba hakuwa ameililia, lakini vichupa alivililia kwa sauti, na hakuona haya.

Cherono alikuwa amekulia kwenye ng'ombe wa maziwa huko Ainabkoi. Alikumbuka kwamba baba yake, Mzee Kipkoech, alikuwa na mtungi wa aina ileile wa kuhifadhia mbegu za fahali, na wafugaji wa huko walikuwa na akiba yao ya naitrojeni. Akatia vichupa katika mtungi mdogo wa kubebea, akaupakia kwenye pikapu, akashika njia.

Kwenye kizuizi cha kwanza vijana wenye mapanga walimzingira.

"Mama, umebeba nini?"

"Mbegu ya fahali. Friesian, wale wa maziwa mengi."

Mapanga yakashuka. Nchi ilikuwa inateketea, lakini kila kijana pale alikuwa na ng'ombe nyumbani wa kupandikizwa. Wakasogeza mawe, na mmoja akaomba namba ya simu. Cherono alivipita vizuizi vyote kwa uongo huohuo, akicheka nao. Kule nyumbani alivitumbukiza vichupa ndani ya mtungi wa baba yake, katika kikapu cha kwanza alichokiona kati ya vile vya chuma vinavyoning'inizwa humo.

Mambo yalipotulia, Waceke alifuatana naye Ainabkoi. Mzee Kipkoech akawapokea kwa chai, kifua mbele.

"Daktari, vitu vyako viko salama. Felix, yule kijana wetu wa kupandikiza, amezunguka na huu mtungi kila boma, na hakuna mtu amegusa vichupa."

"Kila boma, Mzee?"

"Kila boma. Ng'ombe hajui mambo ya kura."

Waceke akakiweka kikombe chini. Kikapu alichokichagua Cherono ndicho Felix alichokuwa akikiinua kila siku. Mrija wa mbegu ulitoka mara moja ukatumika, lakini vichupa vilipandishwa na kushushwa wiki baada ya wiki, vikionja joto kila mara.

"Mlinichomea nyumba nikanyamaza," akamwambia Cherono wakiwa uani. "Sasa hata seli?"

"Mimi sijachoma nyumba ya mtu, Waceke."

Walirudi mjini.

Maabarani, kichupa cha kwanza kilikuwa na seli mfu. Cha pili vilevile. Cha tatu Waceke alikataa kukigusa, akakizunguka kutwa nzima akijifanya anapanga vifaa. Mwishowe Cherono akakitia katika maji ya uvuguvugu, akamkabidhi. Waceke akazimimina seli katika chupa ya kuzikuzia. Kisha wakangoja, kila mmoja upande wake wa meza, wamenuna.

Asubuhi moja Waceke aliinamia hadubini, akapiga yowe. Cherono akaja mbio akidhani moto umerudi.

"Zimeshika! Ziko chache, lakini ziko hai, zimeshika chini, na hii moja inagawanyika!" Akamkumbatia mwenzake kwa nguvu. "Nisamehe kwa yale maneno."

"Yameisha. Sogea na mimi nione."

Seli zile zilikua zikajaa chupa nzima, na dawa ikazifyeka. Wakarudia, ikazifyeka tena. Baada ya hapo ilikuwa miaka ya vibali, panya wa majaribio na wakubwa wa kushawishiwa, na hawakukubali kushindwa hata na mmoja.

Mwaka wa 2019 wagonjwa wa kwanza walitibiwa. Miongoni mwao alikuwa Mama Jepchirchir, mkulima aliyekuwa amelishwa kwa mpira uliotiwa tumboni miezi mingi. Matibabu yalipokwisha, muuguzi alimletea uji. Mama akausukuma kando.

"Hii ni ya mtoto. Niletee ugali na nyama."

Sahani ikaja. Akakata tonge dogo, akachovya kwenye mchuzi, akatafuna taratibu. Akameza. Tonge likateremka, likapita, likafika. Akakata la pili, kubwa zaidi, nalo likapita.

Cherono akapiga vigelegele wodini bila kujali nani amelala. Waceke alicheka huku machozi yakimtiririka. Walikuwa wameishinda, saratani ya koo imepigwa mweleka hapohapo Eldoret.

"Mbona mnaniangalia tu?" Mama Jepchirchir akauliza, akiwasogezea sahani. "Nimechoka kukula peke yangu. Daktari, keti. Wewe pia, Cherono."

Waceke alinawa mikono, akaketi kitandani, akakata tonge.