Achari ya Kulia Hemu

Mwaka ule wa hamsini na nne, Krismasi ilipokaribia, Bi Mwanakheri akisikia viatu vya Filomena vinapanda ngazi huvuta pumzi kwanza, ndipo aitikie hodi. Si kwamba hampendi. Walikuwa wakikaa nyumba moja pale Baghani, Bi Mwanakheri na mumewe Shamsi ghorofani, Filomena na mumewe Kaitano chini, na hawajapata kukosana. Filomena alikuwa Mgoa, mke wa karani wa forodhani, mwanamke mpole na mwenye kusali sana. Bi Mwanakheri alikuwa mtu wa Makunduchi aliyeolewa mjini, na achari zake zilijulikana mpaka Ng'ambo. Udhia ulianzia kwenye hizo achari.

Kila Krismasi Kaitano huagizia hemu kutoka Kenya, paja zima la nguruwe lililotiwa chumvi na kukaushwa kwa moshi, na kila Krismasi Filomena hupanda juu na chupa zake mwenyewe kuchukua achari ya kulia. Chombo kitakachokaa meza moja na hemu hakirudi tena jikoni kwa Bi Mwanakheri; hilo walishaelewana zamani. Miaka yote Filomena alichukua chatne ya embe, ile tamu yenye zabibu na tangawizi, akashuka nayo, mambo yakaisha. Mwaka huu aliichukua asubuhi, na adhuhuri akairudisha.

"Naiona kali kidogo, Bi Mwanakheri."

"Sikutia hata pilipili moja."

"Basi labda ni tangawizi."

Bi Mwanakheri akapika nyengine, tangawizi akaipunguza. Filomena akasema hii imekuwa chachu. Bi Mwanakheri akaongeza sukari. Filomena akaionja amesimama mlangoni, akaizungusha mdomoni kama mtu anayetafuta mwiba, kisha akasema nzuri, lakini rangi yake imefifia, na wageni hula kwa macho kwanza. Bi Mwanakheri akauweka mwiko chini.

"Filomena, hebu nambie. Unataka nini hasa?"

"Nataka itakayokwenda na hemu. Wewe mwenye mkono wa achari waonaje, ipi itafaa?"

"Mie nnajuaje? Sijapata kuila wala sitaila."

"Kwa kukisia tu."

"Haya, ina ladha gani?"

Filomena akafikiri sana. "Ina chumvi. Ina moshi. Ina mafuta."

Shamsi alikuwa amekaa dirishani na gazeti lake. Akasema bila kuinua macho, "Basi huyo ni ng'onda wa nguruwe."

Filomena hakucheka hemu kufananishwa na samaki mkavu. Akakaa kwenye kigoda, na hapo ndipo alipoeleza kilichomsumbua. Wifi yake Esperansa, dada yake Kaitano, alikuwa anakuja kutoka Mombasa. Alizoea kuja kila Krismasi, lakini mwaka jana alijitilia chatne kijiko kimoja, akaiacha pembeni ya sahani.

"Anaipenda sana ile tamu," Filomena alisema. "Mwaka wa kwanza alinambia hajala chatne kama ile. Sasa kama ameiacha, basi nimekosea mahali. Sitaki aende Mombasa akaseme nyumba ya kaka yake imelegea."

Bi Mwanakheri akamwonea huruma, akapika mara nyengine. Nyumba nzima ikanuka siki. Shamsi akasema hata shati lake la Ijumaa linanuka embe.

Esperansa akafika kwa meli, mwanamke mrefu mwenye miwani na sauti ya mwalimu. Siku ya pili yake, Filomena alipokwenda kanisani Minara Miwili kusaidia kupamba, Esperansa akapanda ngazi peke yake, akapiga hodi na kufunga mlango nyuma yake.

"Shikamoo, Bi Mwanakheri. Nina ombi, lakini libaki hapa."

Bi Mwanakheri akaitikia marahaba, na moyo wake ukaanza kuchoka kabla hajalisikia.

"Ile chatne tamu siiwezi," Esperansa alisema. "Sijapata kuiweza. Mwaka wa kwanza nilisema nzuri kwa adabu, kwa kuwa Filomena alikuwa bibi harusi mpya na alinitazama mdomoni. Tangu hapo ananipikishia. Mimi nataka kitu kikali, cha ndimu na pilipili. Nipatie chupa moja, uilete mwenyewe siku ya Krismasi, useme ni zawadi yako."

"Kwa nini usimwambie?"

"Ataona haya."

"Mie siwezi kusema zawadi kitu ambacho si zawadi. Achari ya ndimu ninayo, chukua. Lakini uongo usinitume."

Esperansa akashuka na chupa ameificha ndani ya mtandio. Jioni ile ile Filomena akapanda. Macho yake yalikuwa mekundu.

"Wifi ameonja nusu kijiko," alisema. "Amesema nzuri, lakini nimemwona. Sukari haitoshi. Niongezee, Bi Mwanakheri, tafadhali."

"Na wewe mwenyewe unaionaje?"

"Mimi?" Filomena akashangaa kuulizwa. "Mimi siipendi. Vitu vitamu na nyama vinanitia kichefuchefu. Nampikia yeye."

Bi Mwanakheri akabaki na chupa mkononi. Alifikiria embe zote alizomenya, makaa yote aliyopepea, na mgongo wake. Akatoka mpaka juu ya ngazi, akaita chini, "Bi Esperansa, hebu panda mara moja."

Alipofika, Bi Mwanakheri hakumkaribisha kukaa.

"Huyu haipendi chatne tamu," alisema, akimwonyesha Filomena. "Na wewe huipendi. Mmoja anaila kwa adabu na mwengine anaipikisha kwa adabu, na anayekaa mbele ya moto ni mie. Sasa zungumzeni."

Alitaraji watacheka. Hawakucheka. Filomena akawa mwekundu mpaka masikioni.

"Miaka yote hii," alimwambia wifi yake. "Umekaa mezani kwangu miaka yote hii ukinidanganya."

"Nilikustahi."

"Ulinifanya mjinga."

Wakashuka mmoja baada ya mwengine, na chupa ya chatne ikabaki juu ya meza. Chini mlango ukafungwa kwa nguvu.

"Siri za watu huachwa," Shamsi alisema.

"Na wewe usinifundishe," alijibu Bi Mwanakheri, "maana hukumenya hata embe moja." Lakini usiku ule hakula vizuri. Alijuta, na majuto yale yakamzidishia hasira, kwa sababu hakuona kosa lake ni lipi hasa.

Alasiri ya mkesha wa Krismasi wakapiga hodi wote wawili, na Kaitano nyuma yao. Filomena alisimama upande mmoja wa mlango, Esperansa upande wa pili. Filomena alisema hakuna tamu mezani kwake tena. Esperansa alisema ile ya ndimu ameionja tena na imekuwa na uchungu, haifai. Kaitano akakohoa, akasema yeye siku zote anakula hemu na haradali ya kopo, na hakuna aliyepata kumuuliza.

Bi Mwanakheri akawatazama watatu wale. Alitaka kuwaambia waende sokoni Darajani wakachague wenyewe. Badala yake akatandika mkeka, akapanga chupa zote alizokuwa nazo, akaingia jikoni. Kulikuwa na ng'onda wa nguru, samaki mkavu mwenye chumvi na mafuta, aliyewekewa Shamsi chakula cha usiku. Akamchoma makaani mpaka moshi ukamwingia, akamchambua kwenye sinia.

"Hemu yenu mie siijui," alisema. "Lakini mmesema chumvi, moshi na mafuta. Hii hapa. Onjeni kwa hii, na mtakachokubaliana ndicho hicho. Nikimaliza hapa silishi mtu achari mpaka mwaka mpya."

Wakakaa. Mwanzo kila mmoja alichovya upande wake. Kisha Kaitano, aliyepanda na kopo jipya la haradali, akasema haiendi na ng'onda hata kidogo, na Esperansa akamwambia siku zote haiendi na kitu chochote. Filomena akaonja achari ya birimbi, vile vitunda vichachu; ilikuwa bado changa, yenye pilipili kidogo na bizari. Akaonja tena. Bila kumtazama wifi yake akaisukuma chupa upande wake. Esperansa akatia kipande, akatafuna.

"Hii je?" Filomena aliuliza.

"Sema wewe kwanza."

"Nimeipenda. Sasa wewe, na usinistahi."

"Pilipili ingezidi kidogo. Lakini nzuri. Kweli nzuri."

Wakachukua birimbi, na Bi Mwanakheri akawaongezea pilipili pale pale. Waliposhuka, sinia lilikuwa na miba mitupu. Shamsi aliporudi kutoka msikitini akaitazama ile miba kwa muda mrefu, kisha akakata mkate.

Jioni ya Krismasi, baada ya wageni kuondoka, Filomena akapanda na sahani mpya ya halua ya nazi na keki. Alivua viatu, akaketi kwenye kigoda, akanyoosha miguu kama mtu aliyetoka safari ya mbali.

"Birimbi ilikwendaje?" Bi Mwanakheri aliuliza.

"Iliisha yote. Waliimaliza hata kabla ya hemu."

"Alhamdulillahi."

"Hemu ndiyo haikuliwa." Filomena akafumba macho. "Inatakiwa ilowekwe usiku kucha itoke chumvi. Mimi na wifi tulikuwa juu kwako, tukashuka tunazungumza, tukazungumza mpaka saa ya misa. Tulisahau. Mkuu wa kazi wa Kaitano amekunywa mtungi mzima wa maji."

Kutoka chini zilisikika sauti za Esperansa na Kaitano, wanabishana paja zima la nyama ya chumvi lifanywe nini.

"Kunywa kahawa," alisema Bi Mwanakheri, akainuka kuchochea makaa.